Afya ya Jamaa: Tulidhani ni Pepo

Katika mkesha mmoja mama mwenzetu mwenye kisukari cha aina ya kwanza alijidunga insulini yake jioni kama kawaida, kisha akafunga pamoja nasi. Usiku wa manane alitetemeka, jasho likamtiririka, akasema maneno yasiyoeleweka, akazimia. Tukaanza kukemea pepo, hata sisi tuliosomea uuguzi! Mmoja alipoleta soda amnyweshe ndipo tuliposhtuka, tukamzuia, maana aliyezimia hupaliwa. Tukamlaza ubavu, tukamkimbiza hospitali. Walipomtia glukosi mshipani, baada ya dakika chache alifumbua macho, akaulizia kanga yake.

Insulini iliendelea kushusha sukari, na tumboni hamkuwa na kitu. Mgonjwa akiwa bado na fahamu na aweza kumeza, mpeni upesi vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Asipopata nafuu baada ya dakika 15, rudieni. Akipata, ale chakula. Msimdunge insulini wakati huo.

Siku hizi mama huyu hubeba sukari mkobani, kando ya Biblia, na mfungo ukitangazwa yeye hula, nasi twaomba naye.