Muhogo ndani ya debe, mbuzi mlangoni

Barua iliyotufikia juma hili imetoka mbali. Imetoka Banissa, katika Kaunti ya Mandera, si mbali na mpaka wa Ethiopia. Aliyeiandika ni mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Kilifi, ambaye mumewe anafundisha huko. Alipokwenda likizo kwao alirudi na vijiti viwili vya muhogo wa kibandameno, akavipanda katika debe la mafuta ya kupikia na kuliweka sebuleni, apate kuona kitu cha nyumbani kila aamkapo. Vilichipuka vizuri. Sasa majani yanapukutika, majirani wanamcheka kwa kukipa kijiti maji ambayo wenzake wanayapangia foleni, na mbuzi wa jirani wameanza kuchungulia mlangoni. Anauliza, aung'oe?

La, mama, usiung'oe kwanza. Chukua ukucha, kwaruza ganda la shina kidogo. Ukiona rangi ya kijani na utomvu mweupe kama maziwa, mti ungali hai. Muhogo ukikosa maji hudondosha majani yake na kunyamaza, ukisubiri mvua. Ndiyo hulka yake, na ndiyo sababu wakulima wa nchi kavu wanauheshimu.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba muhogo wa debe ni sawa na wa shamba. Ule wa shamba hupeleka mizizi chini sana kutafuta unyevu, ilhali huu wako ukifika kwenye bati umefika mwisho wa safari. Kwa hivyo ni lazima uusaidie. Ingiza kidole katika udongo hadi pingili ya pili. Kikitoka kikavu, mpe vikombe viwili vya maji. Kikitoka na unyevu, mwache. Maji yenyewe si lazima yawe ya kunywa. Banissa ni mji wa wali, na maji uliyooshea mchele yanautosha kabisa mti huu. Ya chumvi au ya sabuni nyingi usiyatumie. Majirani wakiona unamwaga maji ya mchele tu, kicheko kitapungua.

Hakikisha pia debe lina matundu chini. Wengi husahau jambo hili, na muhogo unaosimama ndani ya maji huoza mizizi upesi kuliko unaokosa maji.

Sababu ya pili ya majani kuanguka huenda ikawa ni hiyo sebule yenyewe. Muhogo ni mti wa jua. Ukifungiwa ndani hurefuka kama fimbo ya mchungaji na majani yake hupauka. Mpeleke barazani. Wasomaji wetu wa Nairobi, wale wa ghorofani Umoja na Eastleigh, mnaweza kuupanda katika roshani inayopigwa na jua, lakini mjue kwamba baridi ya Julai itausimamisha na pengine kuuvua majani. Msiogope, joto likirudi nao utarudi.

Kwa anayeanza, chagua shina lililokomaa, nene kama kidole gumba, ukate kipande cha urefu wa sentimita 20 hadi 30 chenye macho matano au zaidi. Kiache kivulini siku moja utomvu ukauke. Changanya udongo, mchanga na samadi iliyooza, kisha ukichomeke kwa kukilaza kidogo, macho yakielekea juu, theluthi mbili zikiwa chini ya udongo. Majuma mawili hivi utaona vidole vya kwanza vya majani. Ipo pia aina ya mapambo ambayo majani yake yana madoa ya rangi ya malai, na hakika inapendeza. Mihogo ya kula usiitarajie kutoka debeni, labda vijizizi vya kuchekesha wageni.

Sasa tuje kwa mbuzi, maana hapa ndipo penye uzito na barua imepataja kwa mstari mmoja tu.

Jani la muhogo lina kemikali iitwayo linamarini. Likitafunwa, kemikali hiyo huvunjika na kutoa sumu ya sianidi. Kibandameno huitwa mtamu kwa sababu mzizi wake una sumu kidogo, lakini utamu huo ni wa mzizi. Majani ni habari nyingine, na wapishi wa pwani hawayatwangi na kuyachemsha muda mrefu kwa kupenda kazi. Isitoshe, mti ulioteswa na kiu huongeza sumu. Mwaka 1981, wakati wa ukame katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto na akina mama, walipooza miguu ghafla baada ya kula mihogo michungu ambayo haikutayarishwa ipasavyo. Maradhi hayo huitwa konzo.

Fikiria basi Banissa wakati wa kiangazi kama kile cha 2020 hadi 2022, ambapo mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mbuzi mwenye njaa akiona kitu cha kijani pekee mtaani, hataomba ruhusa. Na mbuzi wa jirani ni karo ya shule ya mtoto wa jirani. Akishiba majani mabichi anaweza kuanza kuhema na kutetemeka muda mfupi baadaye, na hapo ni mbio kumtafuta daktari wa mifugo.

Kwa hivyo debe likae juu, penye wavu au nyuma ya lango linalofungwa. Majani yanayoanguka na matawi unayopogoa usiyatupe nje ya ua. Yazike au yachome. Watoto nao waelezwe wazi kwamba jani la mti huu halitafunwi.

Dada yetu ataje pia akiona wadudu weupe kama unga wa pamba kwenye ncha. Wadudu hao walitisha bara zima tangu miaka ya 1970, hadi nyigu mdogo aliyepatikana Paraguay alipoletwa kuwala. Mswisi aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, akiwa mkurugenzi wa ICIPE hapa Nairobi. Kwa debe moja huhitaji nyigu, kitambaa chenye maji kinatosha. Lakini majani yakijikunja na kuwa na mabaka ya manjano, hiyo ni batobato, ambayo haina dawa. Choma mti, na usimpe mtu kipande chake.

Ukiwa na afya, subiri mvua za Aprili, ukate kilele, utapata vipande vitatu au vinne. Kimoja mpe yule jirani mwenye mbuzi, baada ya kumweleza habari ya sianidi.

Juma lijalo: msubili unaooza shina, barua kutoka Garissa mjini.