Mchezo Tulioudharau

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyeturejesha salama Mombasa baada ya kumzuru binti yetu, aishiye na mumewe huko Columbus, nchini Marekani. Wiki hii tunakusudia kueleza kosa tulilolifanya safarini, huenda likamfaa mzazi mwenzetu.

Siku ya pili tangu kufika, tulimkuta mjukuu wetu wa miaka 13 akitazama besiboli kwenye televisheni. Tukasema mbele ya nduguze kwamba huo ni mchezo wa kupoteza umri. Hakujibu, maana amelelewa kwa adabu. Lakini tangu hapo hakuzungumza nasi ila kwa salamu. Ahli wetu ndiye aliyetutanabahisha usiku mmoja: "Bwana, umevuka bahari kuja kumwona mtoto, kisha umemfungia mlango."

Maneno hayo yalituingia. Kulipopambazuka tukamwomba kijana atuonyeshe mchezo wake. Jumamosi mkwe wetu akatutia garini sote, tukasafiri kama saa tatu hadi Pittsburgh, kwenye uwanja wa PNC Park uliofunguliwa mwaka 2001 kando ya mto Allegheny. Karibu na uwanja lipo daraja la manjano lenye jina la Roberto Clemente, na nje ya uwanja ipo sanamu yake.

"Babu, huyu unamjua?" kijana akauliza. Hatukumjua. Usilolijua ni usiku wa kiza.

Akatusimulia. Clemente alikuwa mtu wa Puerto Rico, akaichezea timu ya mji huo, Pirates, tangu 1955 hadi 1972. Desemba ya mwaka huo tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Managua, Nicaragua. Clemente akakusanya misaada; aliposikia kwamba mingine inaporwa kabla ya kuwafikia wenye dhiki, akapanda ndege mwenyewe usiku wa tarehe 31 ili aifikishe kwa mkono wake. Ndege ikaanguka baharini punde tu baada ya kuruka, na mwili wake haukuonekana. Alikuwa na miaka 38. Ukuta wa upande wa kulia uwanjani una urefu wa futi 21, kwa kuwa 21 ndiyo iliyokuwa namba ya jezi yake.

Tulinyamaza. Hakuwa wa dini yetu, lakini ni wangapi miongoni mwetu tukabidhiwao sadaka za watu tukaziandama hadi mlangoni kwa maskini?

Ndani tulikaa tukila njugu, kijana akitufasiria. Kila timu ina wachezaji tisa, na mchezo una zamu tisa. Hakuna saa ya kuumaliza, na aliye nyuma ana matumaini hadi mtu wake wa mwisho atolewe. Mpigaji akifaulu mara tatu katika kumi huhesabiwa hodari. Bibi yake akacheka: "Basi na sisi wapishi tupimwe hivyo!"

Jua lilipozama, tulikuwa tumeshughulika kuhesabu mipigo. Mjukuu akainama sikioni petu: "Babu, Magharibi imeingia." Akatuongoza hadi pembe tulivu, akatandika koti lake, akatuelekeza kibla. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini. Huko ni kaskazini mashariki. Tulidhani mchezo umemwibia sala, kumbe yeye ndiye aliyetukumbusha.

Hatusemi kwamba kila kilichomo viwanjani ni chema. Pombe huuzwa, na wapo wachezao kamari kwa matokeo. Hayo tulimweleza, naye alisikiliza, kwa kuwa nasi tulikuwa tumemsikiliza kwanza. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.), wala heshima yake haikupungua.

Enyi mama na baba, kabla hamjakikataza akipendacho mtoto, ketini naye mkitazame. Lililo haramu mtamwonyesha kwa upole, na lililo jema huenda akawafunza nyinyi.

Njiani kurudi, kijana alilala begani petu. Tangu siku hiyo hutupigia simu kila Ijumaa, na swali lake la kwanza ni kama tumesikia Pirates wamefanyaje.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu, walio karibu na walio mbali. Amin. Wabillahi tawfiq.