Mtoto wa Mfanyakazi na Kompyuta: Tusingoje Amalize Sekondari



Kule Masoro, pembeni mwa Kigali, viwanda na chuo kikuu vimejengwa jirani. Zamu inapotoka, wenzetu wa vyerehani na wa maghala hupanda basi si mbali na majengo ya Carnegie Mellon, chuo cha Marekani kilichohamia hapo mwaka 2019, ambamo vijana kutoka nchi nyingi za Afrika hujifunza mambo ya kompyuta. Wengi wetu tumekwisha kuwaambia watoto wetu: soma kwa bidii, nawe utaingia pale. Ni neno jema, lakini halitoshi. Chuo kile hutoa shahada ya pili. Kabla ya kufika pale mtoto hana budi kupita chuo kikuu kingine, na kabla ya hicho ipo sekondari. Ni huko sekondari, tena katika madarasa ya chini, ndiko watoto wetu wanakoachwa nyuma.

Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mzazi anangoja mpaka mtoto amalize mwaka wa 6. Ndipo anapokopa na kumlipia mafunzo ya miezi mitatu ya "kompyuta" mahali fulani mjini, na mtoto anarudi na cheti cha kupiga chapa. Kupiga chapa ni kazi ya heshima, hatuidharau. Lakini kutunga programu ni kazi nyingine kabisa, na chuo kikuu hakitaangalia cheti hicho. Kitaangalia hesabu.

Kutunga programu ni nini? Twende shambani. Karani wa mizani anapima jani la mchumaji: kilo 23. Kama jani limelowa, anapunguza kilo 2. Kisha anazidisha kwa bei ya kilo, anaandika, anamwita anayefuata. Mwisho wa mwezi anajumlisha. Mtu anayeyaandika maagizo hayo kwa utaratibu, bila kuruka hata hatua moja, ili mashine iyafuate, huyo ndiye mtunga programu. Mashine haijui kukisia. Ukiiambia ipunguze kilo 2 ukasahau kusema "kama jani limelowa", itampunguzia kila mchumaji, jua na mvua, wala haitaona haya.

Basi mtoto wa darasa la 5 anaweza kuanza jioni hii kwa kalamu na karatasi. Mwambie aandike hatua zote za kugawa mshahara wa nyumba, au za kupima jani, kisha wewe uzifuate kama punda asiye na akili. Atakapoona umekosea kwa sababu yeye alisahau hatua, amekwisha kupata somo la kwanza. Tangu mwaka 2008 Serikali ilisambaza kompyuta ndogo zaidi ya 200,000 katika shule za msingi. Lilikuwa jambo kubwa, lakini mashine peke yake haimfundishi mtoto kufikiri. Akikwisha kuzoea karatasi, hata saa moja kwa wiki kwenye mashine ya shule itamfaa. Programu za kujifunzia kama Scratch, na baadaye lugha ya Python, hazilipiwi hata faranga moja.

Jambo la pili ni Kiingereza. Maneno ya amri ya Python hayafiki 40, na mtoto atayakariri kwa wiki moja. Taabu iko kwenye vitabu, na kwenye maelezo ambayo mashine hutoa inapokataa kazi. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, nasi tungefurahi kuona vitabu hivyo katika lugha hii tunayoandikia. Mpaka viandikwe, mtoto asome Kiingereza, na asome kila siku.

Sasa tufike kwenye penyewe. Mwaka 2019 ilifunguliwa Rwanda Coding Academy, shule ya bweni ya kutunga programu, ikaanza na wanafunzi 60. Haikujengwa Kigali. Iko wilaya ya Nyabihu, nchi ya chai na viazi, kwetu wachumaji! Huchukua watoto waliofaulu vizuri sana mtihani wa taifa wa mwaka wa 3 wa sekondari. Yaani mlango hufunguka mtoto akiwa na miaka kama 15, na marks za mlango huo hutafutwa mwaka wa 1 na wa 2. Mtoto aliyekosa shule wiki nzima msimu jani linapokuwa jingi, akabeba kikapu, amepoteza sura nzima ya hesabu. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 inasema umri wa kuajiriwa ni miaka 16. Lakini hatutamkemea mama anayelipwa kwa kilo kana kwamba amependa mwenyewe. Anayetaka mtoto abaki darasani na aanze na bei ya kilo.

Tena tumtazame binti. Mama yuko zamu, mdogo wake analia, nani anabaki nyumbani? Ni yeye, mwenye kujua hesabu kuliko kaka zake. Mahali pa kulelea watoto wadogo karibu na shamba pangempeleka binti huyo shule kuliko hotuba kumi.

Wasiopata Nyabihu wasikate tamaa. Zipo shule za ufundi zenye somo la programu, kipo chuo cha ufundi cha Kicukiro, na ipo Nyarugenge, Chuo cha Sayansi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Rwanda.

Wako wenzetu wanaouliza kwa nini tuwalee watoto wetu waitumikie mashine itakayotunyang'anya kazi. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini mizani na daftari la mishahara vinaingia kwenye kompyuta, tupende tusipende, na sisi tungetaka mmoja wa wanaoandika maagizo yake awe amewahi kubeba kikapu.

Kwa hiyo tunaomba kila tawi lilete mambo matatu kwenye mazungumzo ya mkataba: bei ya kilo, mahali pa kulelea watoto wadogo, na chumba kimoja chenye taa na meza, kifunguliwe jioni kwa watoto wa wafanyakazi. Chumba hicho kianze hata kabla ya kompyuta kupatikana.