Nani Alikwenda Huko na Kamba?



Jumapili iliyopita baada ya Misa, mzee mmoja wa Masasi, aliyekuja Kiwalani kumwona mwanawe, alinikuta ofisini nikiandika vyeti vya ubatizo. Akasema, "Mwalimu, mjukuu wangu asema kitabu chake chataja umbali wa nyota. Nani alikwenda huko na kamba?"

Hakucheka, nami sikucheka. Ni swali la haki.

Hakuna aliyekwenda. Lakini fikirini mnatembea usiku wa giza, mkaona taa mbele. Je, ni koroboi iliyo karibu, au karabai iliyo mbali? Kwa macho tu hamjui. Mkishajua kuwa ni karabai, udogo wa nuru yake utawaambia iko mbali kiasi gani. Maana taa ikisogezwa mbali mara mbili, nuru ifikayo machoni hubaki robo tu. Shida yote ni kujua taa ni ya namna gani.

Fumbo hilo lilifumbuliwa na Bibi Henrietta Leavitt, Mmarekani aliyefanya kazi Harvard, akipima nyota katika picha zilizopigwa Arequipa, nchi ya Peru. Kazi ya karani, kama yangu! Alichunguza Wingu Dogo la Magellan, ambalo ni kundi la nyota nyingi mno. Humo zimo nyota ambazo nuru yake huzidi na kupungua kwa zamu, kwa kuwa huvimba na kunywea. Mwaka 1912 alieleza habari za nyota 25 za namna hiyo. Moja zamu yake ilikuwa siku moja na robo, nyingine siku 127; na kadiri zamu ilivyokuwa ndefu, ndivyo nuru ilivyokuwa kubwa. Tena zote zimo kundi moja, kama taa za kijiji kimoja ng'ambo ya bonde, basi ing'aayo zaidi ni kubwa kweli. Hesabu siku, utajua ni koroboi au karabai. Ikabaki kupima umbali wa chache zilizo karibu nasi, ziwe kipimo cha nyingine.

Bibi Leavitt alifariki mwaka 1921. Mwaka 1923 Edwin Hubble akaona nyota ya namna hiyo katika Andromeda, yenye zamu ya siku 31. Akapata umbali wa miaka ya nuru kama 900,000. (Mwaka wa nuru ni safari ya nuru kwa mwaka mzima, nayo hukimbia kilometa 300,000 kila sekunde.) Ndipo ikajulikana kuwa Andromeda ni galaksi, yaani mji mwingine wa nyota, nje kabisa ya huu wetu.

"Na kama alikosea taa?" mzee akauliza.

Alikosea kweli! Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kuwa nyota hizo ni za aina mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa. Zile za Andromeda zina nuru kama mara nne ya ile iliyodhaniwa, basi umbali ukawa mara mbili. Vipimo vya leo vyasema 2,500,000 hivi. Mzee alifurahi sana, nadhani kwa lile kosa kuliko kwa hesabu.

Ninyi wa vijijini, mwezi wa Desemba, saa tatu usiku, mbalamwezi isipokuwepo, tazameni kusini, si juu sana. Mtaona mabaka mawili meupe kama moshi, yasiyosogezwa na upepo. Lile dogo ndilo la Bibi Leavitt, umbali wake miaka ya nuru 200,000 hivi. Mzee asema ayajua yote mawili tangu utoto. Hapa Kiwalani taa za mji zimeyaficha, ameahidi kunitazamia.