Jirani Kwanza, Mapambo Baadaye



Kiangazi kirefu kimetanda Kigali. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua hutupa nafasi, na katika nyumba zenye nyasi za kutosha huanza msimu wa karamu za bustani: mahema meupe, viti vilivyovishwa vitambaa, taa ndogo zilizotundikwa mitini, na wageni waliopangiwa hata rangi ya mavazi. Sina ugomvi na uzuri. Ugomvi wangu ni na karamu inayoandaliwa kwa majuma matatu bila mwenyeji kumkumbuka hata mara moja mtu anayeishi upande wa pili wa ua.

Litazame neno lenyewe. Karamu na ukarimu hutoka katika shina moja la Kiarabu. Basi karamu isiyo na ukarimu imebeba jina lisilo lake. Kinyarwanda nacho humwita jirani umuturanyi, yaani mtu mnayekaa karibu karibu. Lugha zote mbili zinatudai jambo moja, nasi tunajifanya viziwi.

Fikiri juu ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Tangu saa mbili hadi saa tano asubuhi mko pamoja katika umuganda: mnafyeka majani, mnazibua mitaro, kisha mnaketi kikaoni kujadili mambo ya mtaa. Saa tisa alasiri lango lako linafungwa, na yule uliyeshika naye jembe asubuhi anaambulia makelele na moshi wa mishikaki. Je, huo ndio ujirani? Huu ni mji wa vilima. Sauti ya spika hushuka bondeni na kupanda kilima cha pili. Watu hukuwaalika, lakini muziki wako umekwisha kuingia nyumbani mwao bila hodi.

Tena kuna maji. Wakati wa kiangazi huwa haba katika baadhi ya mitaa, na watu hupandisha madumu vilimani. Kumwagilia nyasi kila jioni ili zipendeze pichani, huku jirani akihesabu vikombe, ni kiburi, hata kama bili imelipwa.

Utanijibu: “Nyumba ni yangu na fedha ni zangu, siwezi kulisha mtaa mzima.” Hakuna aliyekudai ulishe mtaa. Nakuuliza tu: hema la nini, ilhali mvua haipo na mparachichi wako una kivuli? Fedha ya hema hilo na ya maua ya kununua yatosha kuzikaribisha nyumba nne zinazokuzunguka.

Wala usiseme kwamba hiyo si desturi ya watu wa kisasa. Rwanda ina karamu yake ya kiangazi, nayo ni Umuganura, sikukuu ya mavuno, ambapo walio nacho na wasio nacho hula mazao pamoja. Utawala wa Kibelgiji uliipiga marufuku mwaka 1925; leo ni sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Mtindo ukiutafuta, uko hapo: vikapu vya agaseke mezani, michoro ya imigongo ukutani, mtama na ndizi katika vyombo vya kuoshwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 2019 imekwisha kuzuia plastiki za kutumiwa mara moja.

Basi panga hivi. Kabla ya kumwandikia mgeni yeyote, nenda kwa miguu ukabishe hodi kwa majirani. Ujumbe wa simu hautoshi. Waeleze siku na saa. Anza saa tisa, kwa maana jua hutua karibu saa kumi na mbili, na baridi ya usiku hushuka upesi katika mji ulioinuka mita zipatazo 1,500 juu ya bahari. Giza likiingia, punguza muziki. Asiyeweza kuja, mpelekee sahani.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku moto utakaposhika paa lako, atakayefika wa kwanza hatatoka katika orodha ya wageni waliovaa meupe. Atatoka upande wa pili wa ua. Mpe kiti kabla ya siku hiyo.