Kinywa cha Mbwa wa Msasi
Safu ya Barazani, na Faki Kombo Hamad

Alinijia barazani wiki iliyopita mzee mmoja msasi wa upande wa Micheweni, akanishitakia kwa huzuni kwamba mbwa wake, ambaye kwa miaka mingi ameyalinda mashamba ya muhogo yasiharibiwe na tumbili, ananuka kinywa kiasi cha kutostahimilika, na ya kuwa majirani wamemnasihi amwache ajiendee, kwani mbwa, wasemavyo, kuvunda ndiyo dasturi yake.

Mimi siafiki. Uvundo usiokwisha ni dalili ya maradhi: ukoga hujikusanya shinani mwa meno, ukagandamana hata ukawa mgumu mfano wa chokaa, ukajipenyeza chini ya ufizi, na ufizi nao ukavimba na kutunga usaha, ilhali mnyama, asiye na ulimi wa kusema, hutafuna upande mmoja tu. Harufu ya vichwa vya samaki alivyokula huondoka, hii haiondoki. Na ikiwa pumzi yake yanuka mkojo, yamkini figo ndizo zilizodhoofu.

Najua kinachotuzuia kumfunua midomo. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii twafahamu kuwa mate ya mbwa ni najisi nzito, yenye kuoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Lakini hukumu hiyo, kwa fahamu yangu, yatufunza namna ya kujitwaharisha baada ya kumgusa, wala haikutupa idhini ya kumwacha kiumbe wa Mwenyezi Mungu aoze meno hali anatutumikia. Mtu na avae glavu, apitishe mswaki laini wenye maji matupu, asitie dawa ya meno ya wanaadamu, ambayo mbwa huimeza ikamdhuru. Na ukoga uliokwisha kuwa jiwe amwachie bwana mifugo.

Khofu moja ni ya haki. Mbwa aliyeachama, udenda wamchuruzika na kumeza hawezi, watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakatia mkono. Kumbe huenda ni kichaa cha mbwa. Pemba imeyajua maradhi hayo: chanjo zilizoanza 2010 ziliyaondosha 2014, yakaletwa tena 2016, hata yakatoweka 2018. Mbwa na achanjwe kwanza, ndipo kinywa chake kitazamwe.

Juzi mzee amerudi kunieleza kuwa mbwa ameng'olewa magego mawili yaliyooza, na kwamba ule mlio mwembamba aliokuwa akiutoa usiku, nao nyumbani wakidhani anawasikia komba mikarafuuni, haujasikika tena.