Ndege za Kivita na Bei ya Dola Kariakoo

Ndege za kivita zinapopita juu ya Uwanja wa Uhuru siku ya sherehe, wachuuzi wa Mtaa wa Msimbazi huinua vichwa na kushangilia. Wachache hujiuliza vipuri vyake hulipiwa kwa fedha gani. Hulipiwa kwa fedha za kigeni, zile zile anazozitafuta mwagizaji wa vitenge.

Mfano wa kutazama ni Uganda. Mwaka 2011 Serikali ya nchi hiyo ilichota dola milioni 740 katika akiba ya Benki Kuu kununua ndege sita za Sukhoi Su-30 kutoka Urusi pamoja na zana nyingine. Bunge liliombwa idhini fedha zikiwa zimekwishatoka. Septemba shilingi ya Uganda iliporomoka hadi kukaribia 2,900 kwa dola; Oktoba mfumuko wa bei ukavuka asilimia 30. Ukame nao ulichangia, hilo lisifichwe, lakini nchi iliingia katika dhoruba ikiwa imejipunguzia akiba yenyewe. Benki Kuu ikapandisha riba yake hadi asilimia 23, na Januari 2012 wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka kupinga riba za mikopo. Mteja wa namna hiyo hawezi kuja kujaza lori Kariakoo.

Na bei ya kununulia ni mwanzo tu. Injini za ndege hizo hufunguliwa na kutengenezwa upya kwa saa zilizoruka, na vipuri hutegemea mtengenezaji, ambaye ndiye mpanga bei. Zisiporuka, vifaa huharibika vile vile na rubani husahau kazi. Mwenye daladala analijua hilo: gari lililosimama bado linakula. Ila daladala ikitembea huleta hesabu jioni.

Watanzania wasiwacheke majirani. Rada ya kampuni ya BAE iligharimu pauni milioni 28, kwa mkopo wa Barclays. Uingereza ilitoa kibali Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya Tanzania kufikia hatua ya kusamehewa madeni. Wataalamu wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga walisema ni ghali mno na haitoshelezi ndege za kiraia. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza hesabu sawasawa, ikakubali kuwalipa Watanzania pauni milioni 29.5, zaidi ya bei ya rada yenyewe. Fedha hizo zilikwenda kwenye vitabu na madawati.

Aliyeona vita vya Kagera mwaka 1978 hatasema jeshi likae mikono mitupu. Lakini mwenye duka Mtaa wa Kongo aliyenunua hatifungani ameikopesha Serikali, naye ana haki ya kuuliza, makadirio ya Wizara ya Ulinzi yanaposomwa Dodoma, kiasi gani ni mishahara na kiasi gani ni vipuri vitakavyodai dola kwa miaka kumi ijayo.